Kitambaa, Barafu na Mkono wa Mchua Misuli: Historia ya Kupoza na Kupasha Miili ya Wanamichezo Ilala

Tangu mwishoni mwa karne ya 20 viwanda vya nguo za michezo vimekuwa vikitengeneza mavazi ambayo kazi yake si kumsitiri mchezaji wala kumtambulisha kwa rangi za timu yake, bali kuupoza au kuupasha mwili wake kwa kiwango kilichopangwa, kabla ya mchezo ili misuli iwe tayari, au baada ya mchezo ili maumivu na uchovu vipungue mapema. Historia ya mavazi hayo husimuliwa kwa kawaida kuanzia maabara za marubani na wanaanga wa Uingereza na Marekani. Ikisimuliwa kuanzia Ilala, yaani katikati ya Dar es Salaam na mitaa ya Kariakoo, mpangilio wake hubadilika, kwa sababu hapa kitambaa kilikuwapo tangu mwanzo, na waliojua kukitumia kupoza na kupasha mwili walikuwapo pia. Vilivyokuwa haba ni baridi yenyewe, pamoja na saa za mtu wa kuketi kando ya aliyeumia akikibadilisha kitambaa kila kinapopoteza nguvu.

Pamba iliufikia mwambao huu kwa njia nyingi, lakini biashara iliyoifanya ivaliwe na watu wa kila tabaka ilishika kasi baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, uliofuatwa mwaka 1837 na kuwasili Zanzibar kwa Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, mtu wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts. Merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, kilienea hadi bara, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoivuruga biashara hiyo, nafasi ikachukuliwa na nguo za Uingereza na Bombay. Kaniki iliyotiwa nili ilivaliwa sambamba nayo, na kabla karne hiyo haijaisha khanga ikawa imeingia. Leo maduka ya jumla ya khanga na vitenge yamejipanga kando ya Mtaa wa Uhuru, na ni vigumu kukuta nyumba ya Ilala isiyo na doti kadhaa kabatini. Sifa moja ya nguo hizo ina uzito katika historia hii kuliko rangi na maandishi yake, nayo ni kwamba uzi wa pamba hunyonya maji na kuyashika, hivyo kitambaa kilichochovywa hukaa na joto au ubaridi wa maji hayo kwa dakika kadhaa kikiwa kimelala juu ya ngozi, jambo ambalo polista, uzi wa plastiki unaofumiwa jezi za siku hizi, haiwezi kwa kiwango hicho.

Juu ya sifa hiyo ulijengwa ujuzi wa kukanda. Kukanda, kwa maana inayohusika hapa, ni kuchovya kitambaa katika maji ya moto, kukikamua, kukibandika mahali panapouma na kukigandamiza kwa mkono, kisha kukirudisha majini kabla hakijapoa. Nako hutofautiana na kuchua, ambako ni kusugua na kuvuta msuli kwa vidole, mara nyingi kwa mafuta au dawa yenye ukali wa mnanaa na kafuri. Wenye ujuzi huo kwa muda mrefu walikuwa wanawake wanaowauguza wazazi, kwa kuwa mwanamke aliyejifungua hukandwa asubuhi na jioni katika siku za arobaini, desturi inayoendelea katika nyumba nyingi za Dar es Salaam ijapokuwa wauguzi huonya dhidi yake kwa sababu ya hatari ya kuungua. Haihitaji dhana kubwa kuona kwamba kijana aliyerudi kutoka uwanjani na paja lililokaza alikuta nyumbani mikono, sufuria na kitambaa vilivyokwisha kuzoea kazi hiyo. Vitabu vya tiba ya michezo havimtaji bibi aliyemkanda kijana huyo, na huo ni upungufu wa vitabu, kwani alichokifanya ndicho kile kile ambacho baadaye kiliwekewa waya na betri: kushikilia joto la kiasi juu ya msuli mmoja kwa muda unaotosha damu kuongezeka mahali hapo na maumivu kulegea.

Soka lilipokita mizizi mjini likaja na mtaalamu wake. Young Africans, maarufu Yanga, ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa klabu iliyopitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Zote mbili zina makao yake Kariakoo, moja kwenye makutano ya mitaa ya Jangwani na Twiga, nyingine Mtaa wa Msimbazi. Pamoja na sheria za mchezo Waingereza walileta ndoo na sponji ya kumkimbilia mchezaji aliyeanguka, tiba ambayo wao wenyewe waliifanyia mzaha kwa kuiita ya kimiujiza, kwa sababu maji baridi yalimwinua mtu aliyeonekana hawezi tena kusimama. Maelezo yake hayana muujiza: baridi ya ghafla hupunguza kasi ya mishipa ya fahamu katika kupeleka habari za maumivu. Katika timu za Tanzania aliyebeba mzigo huo alikuja kuitwa mchua misuli, cheo kinachotajwa hadi leo katika orodha za benchi la ufundi kando ya daktari wa timu na mtunza vifaa. Nyota wa timu huimbwa, makocha huletwa na kufukuzwa kwa kelele, lakini mchua misuli hukaa misimu mingi bila kusikika, akiwa na chupa ya dawa ya kuchua, taulo, bandeji na, siku zikiwa njema, barafu.

Neno hilo la mwisho ndilo kiini cha tatizo la Ilala, na ili lieleweke ni lazima kwanza ielezwe kwa nini kitambaa chenye maji hakikutosha. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto jingi sana: kilo moja ikivukizwa kutoka kwenye ngozi au kitambaa huchukua takriban kilojuli 2,400, kilojuli ikiwa ni kipimo cha nishati, ilhali kilo moja ya barafu ikiyeyuka huchukua kilojuli 334 tu. Kwa hesabu hiyo khanga iliyolowa ikakauka mwilini ingeishinda barafu ya uzito ule ule mara saba. Lakini uvukizi hutegemea hewa iliyo tayari kupokea mvuke, na hewa ya Dar es Salaam imeshiba mvuke wa bahari karibu mwaka mzima, hasa kati ya Desemba na Machi, mchana unapofika nyuzi joto 32. Katika hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70, kitambaa kilicholowa, hata kikipepewa kutwa, hakishuki chini ya nyuzi 27 hivi. Katika hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 35, ambayo si ya ajabu Dodoma wakati wa kiangazi, kitambaa hicho hicho huweza kushuka hadi karibu nyuzi 19. Mtungi wa Dodoma hupoza maji kuliko mtungi wa Ilala kwa sababu hiyo hiyo, na kwa sababu hiyo pia mchezaji aliyemaliza dakika 90 Dar es Salaam huwa amelowa jasho hadi kwenye soksi bila jasho hilo kumpoza inavyopasa. Vizibao vya kuvukiza, vinavyochovywa majini na kuuzwa kwa waendesha pikipiki na wajenzi wa maeneo makavu kama Arizona, vikiletwa hapa huwa ni nguo nzito iliyolowa tu.

Basi baridi ya kweli ilipaswa kutoka kwenye mashine, na mashine zilitegemea umeme. Umeme wa kwanza wa mji uliwashwa na Wajerumani mwaka 1908 kwa ajili ya karakana za reli na sehemu walizoishi wao, na chini ya Waingereza huduma ilikabidhiwa kampuni binafsi kabla serikali ya nchi huru haijainunua mwaka 1964 na hatimaye kuunda TANESCO. Mitaa ya Waafrika, Kariakoo ikiwa kubwa kuliko zote, ilifikiwa nyuma ya Uzunguni na Uhindini, na hata ilipofikiwa, jokofu lilikuwa kitu cha hoteli, cha hospitali na cha wachache wenye uwezo. Barafu iliyowafikia watu wa kawaida ilikuwa ile ya kuhifadhia samaki katika soko la Feri, na baadaye ile ya mifuko ya plastiki inayogandishwa majumbani na kuuzwa kwa reja reja, ambayo biashara yake huyumba kila umeme unapopungua, kama ilivyotokea katika mgao mkali wa 2006 na tena 2011. Tiba ya baridi ya mwanamichezo wa Ilala imekuwa na kalenda inayofuata kina cha maji katika mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu kuliko maendeleo ya sayansi ya tiba.

Picha iliyoufanya ulimwengu uifahamu riadha ya Tanzania ni ya mtu aliyefungwa kitambaa. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, John Stephen Akhwari aliyeanguka na kuumia goti katika mbio za marathoni aliingia uwanjani akichechemea, mguu ukiwa umezungushiwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, akawa wa 57 na wa mwisho kumaliza kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Ushujaa wake umesimuliwa vya kutosha. Kinachoweza kuongezwa hapa ni kwamba bandeji ile ilishikilia jeraha bila kulipoza wala kulipasha, na kwamba huo ndio uliokuwa ukomo wa nguo ya tiba barabarani kwa wakimbiaji wote wa siku ile.

Wakati huo huo mavazi ya kupoza yalikuwa yamekwisha kushonwa, ila si kwa wanamichezo. Katika kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitengenezwa fulana yenye mirija myembamba inayopitisha maji ya baridi, iliyokusudiwa marubani wanaokaa ndani ya chumba chenye joto kali, na Wamarekani wakaliendeleza wazo hilo hata wanaanga wa Apollo walipotembea mwezini kuanzia 1969 walikuwa wameivaa chini ya suti zao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaja wazo la pili, lililofadhiliwa na shirika la anga la Marekani, NASA, la kutia ndani ya uzi matone ya parafini yaliyofungwa katika vijiganda visivyoonekana kwa macho. Parafini inapoyeyuka huchukua joto bila yenyewe kupanda joto, na inapoganda hulirudisha. Joto hilo linalofichwa ndani ya mabadiliko ya hali huitwa joto fichu, na mada zinazotumiwa kwa kazi hii huitwa mada zinazobadili hali. Kampuni ya Colorado ilizipeleka sokoni katika glavu na nguo za baridi kwa jina la Outlast.

Hapa jiografia inaingia tena. Parafini ya nguo nyingi za aina hiyo ilichaguliwa iyeyuke karibu na nyuzi 28 hadi 30, yaani kidogo chini ya joto la ngozi, kwa kudhani kwamba chumba anachopumzika mvaaji kina nyuzi 20 na kwamba nguo itaganda upya ikiwa imetundikwa. Dar es Salaam mwezi Februari usiku wenyewe hubaki kwenye nyuzi 25 hivi na mchana huvuka 31, kwa hiyo nguo hiyo huyeyuka ikiwa juu ya kamba kabla mtu hajaivaa. Si kwamba ina kasoro. Ilikatwa kwa kipimo cha chumba cha watu wengine.

Wanamichezo waliyapokea mavazi ya kupoza kwanza kama nguo za kabla ya mashindano. Waaustralia, wakijiandaa kwa joto la Atlanta mwaka 1996, walitengeneza vizibao vyenye mifuko ya barafu ambavyo wapiga makasia wao walivaa wakati wa kupasha misuli, na katika marathoni ya wanawake ya Athens mwaka 2004, iliyokimbiwa katika joto lililopita nyuzi 30, Deena Kastor wa Marekani alivaa kizibao cha namna hiyo kabla ya kuanza, akapata medali ya shaba nyuma ya Mizuki Noguchi wa Japani na Catherine Ndereba wa Kenya. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba wakimbiaji waliovaa kizibao cha barafu wakati wa kupasha misuli walimaliza kilomita 5 katika joto kwa sekunde 13 pungufu. Faida hiyo ni kubwa kwa mkimbiaji, lakini kwa soka, mchezo wenye kusimama na kukimbia kwa zamu, njia iliyokubaliwa ilikuwa nyingine: FIFA iliruhusu mapumziko ya kunywa maji joto linapovuka kipimo maalumu, na Kombe la Dunia la Brazil mwaka 2014 likawa la kwanza kuyashuhudia. Ligi ya Tanzania ilisaidiwa zaidi na taa za viwanja, kwani mechi nyingi zilizokuwa zikichezwa saa 10 jioni sasa huchezwa usiku, na hilo pengine limewapoza wachezaji wa Dar es Salaam kuliko nguo yoyote.

Upande wa joto haukuchelewa. Kwa Olimpiki ya London mwaka 2012 waendesha baiskeli wa Uingereza walivalishwa suruali zenye nyaya za kupasha zilizotengenezwa na Adidas pamoja na Chuo Kikuu cha Loughborough, baada ya majaribio kuonyesha kwamba msuli wa paja usipoachwa upoe kati ya kupasha na kushindana, nguvu ya kilele huongezeka kwa karibu asilimia 9. Nguo za jamii hiyo sasa hutumia nyuzi za kaboni na betri ndogo ya lithiamu, ambayo si tofauti na pawabenki zinazouzwa Kariakoo kwenye kila kibaraza cha simu. Zipo pia nguo zilizotiwa unga wa kauri, zinazodaiwa kurudisha mwilini mnururisho wa joto la mwili wenyewe wakati wa usingizi. Madai yake yametangulia ushahidi wake kwa hatua nyingi, na hayahitaji kurasa zaidi.

Swali la kama baridi husaidia kweli baada ya mchezo nalo lina historia yenye mizunguko. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1978, aliweka pamoja kanuni ya mambo manne kwa aliyeumia, yaani kupumzika, barafu, kubana na kuinua kiungo, kanuni iliyoenea hadi kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza ya shule za Afrika Mashariki. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu huenda inachelewesha uponaji, kwa kuwa uvimbe wa awali ni sehemu ya kazi ya mwili kujitengeneza. Mwaka uliofuata utafiti uliofanywa Queensland, Australia, ulionyesha kwamba wanaojitumbukiza katika maji baridi kila baada ya mazoezi ya nguvu hupata ongezeko dogo la misuli kuliko wasiofanya hivyo. Hitimisho linaloelekea kukubalika ni la wastani: baridi hupunguza maumivu na kumrudisha mtu uwanjani mapema, kwa hiyo inafaa mechi zinapobanana, lakini haifai kuwa desturi ya kila siku katika kipindi cha kujenga mwili. Wanaomkanda mchezaji kwa maji ya moto siku ya pili, baada ya uvimbe kutulia, hawakuhitaji kubadili chochote.

Ni katika mechi zilizobanana ambapo mada zinazobadili hali zilirudi kwa sura mpya. Badala ya kuyeyuka kwa nyuzi 28, zilitengenezwa zinazoyeyuka kwa nyuzi 15, zikatiwa katika vifuko bapa vinavyopachikwa ndani ya kaptura ya kubana, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 wachezaji wa soka wa kulipwa walivivaa mapajani kwa saa 3 baada ya mechi. Nguvu ya misuli yao ilirudi mapema na maumivu yakawa machache kuliko walipovaa vifuko visivyo na baridi. Barafu ya nyuzi 0 haiwezi kukaa juu ya ngozi saa 3 bila kuijeruhi, na mtu hawezi kuketi ndani ya pipa la maji ya baridi muda wote huo, ilhali kaptura ya aina hii huvaliwa ndani ya basi. Hapo ndipo tofauti ya kweli inapoonekana. Nguo haikuvumbua baridi mpya. Iliondoa ulazima wa mtu wa kuibadilisha, na ikageuza kazi ya mkono kuwa sifa ya kitambaa.

Faida hiyo inazigusa klabu za Kariakoo kwa karibu kuliko zinavyoweza kufikiriwa na watengenezaji. Mwaka 2023 Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya USM Alger Dar es Salaam tarehe 28 Mei na marudiano Algiers tarehe 3 Juni, ikashinda ugenini na kulikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini, huku kati ya mechi hizo mbili kukiwa na siku chache na safari ya kulivuka bara karibu lote. Simba ilipita njia kama hiyo mwaka 2025 dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Safari za namna hiyo hazina nafasi ya pipa la barafu, lakini zina nafasi ya kaptura. Kifuko cha nyuzi 15 kina ubora mwingine usiotajwa sana katika matangazo yake, kwamba hugandishwa katika friji ya kawaida bila kuhitaji jokofu la kugandishia, na kwa mji uliozoea kukatikatika kwa umeme hilo si jambo dogo.

Klabu zenye wafadhili zinaweza kununua. Katika viwanja vya mchanga vya Ilala, Buguruni na Vingunguti timu za mtaani hupata nguo zao za kubana kutoka kwenye marobota ya mitumba ya soko la Karume, Mchikichini, soko lililoungua Januari 2022 na wafanyabiashara wake wakaendelea na biashara, na kutoka kwenye maduka ya jezi za Kariakoo, ambako bei hupangwa kwa rangi na nembo wala si kwa uwezo wa uzi kushika joto. Tanzania huuza nje sehemu kubwa ya pamba yake ikiwa ghafi, kwa hiyo hata kaptura ambayo ingeweza kushonewa vifuko hapa hapa huja kutoka ng'ambo. Vifuko vyenyewe havihitaji ufundi mgumu: mafuta ya mimea, yakiwemo ya nazi na mawese, yana asidi za mafuta ambazo, zikitenganishwa na kuchanganywa kwa vipimo, huyeyuka kwa viwango mbalimbali vya joto, na mada za namna hiyo zisizotokana na petroli tayari hutengenezwa viwandani katika nchi nyingine. Mafuta ya nazi yasiyotenganishwa huyeyuka karibu na nyuzi 24, kiwango ambacho ni cha juu mno kwa paja lililochoka na cha chini mno kwa chumba cha Februari, ndiyo maana chupa yake huonekana imeganda asubuhi za Julai na kuyeyuka miezi mingine. Kwa sasa tiba ya kawaida baada ya mechi ya Jumapili ni mfuko wa barafu wa bei ya reja reja, uliozungushiwa taulo au kipande cha khanga ili usiiunguze ngozi, ukashikiliwa juu ya kifundo kwa dakika 15 au 20, ambao ndio muda unaoshauriwa na wataalamu wa fiziotherapia, na anayeushikilia kwa kawaida ni mchezaji wa akiba.